Aliyevaa Sweta la Kalisti

Nyamizi hakulia. Kalisti alipokata roho hakulia, maiti ilipooshwa hakulia, na jeneza liliposhushwa kaburini pale misheni, kwaya ikiimba na wanawake wakigaragara, yeye alisimama amemshika bintiye Limi mkono, akitazama udongo kama mtu anayengoja lori. Watu hawakupenda. Kifo chenyewe walikiona kikija, maana homa ya mapafu ikishamlaza mchimbaji msimu wa kipupwe huwa haina utani naye, lakini mjane mwenye macho makavu ni kitu kingine. Wengine walisema ana moyo wa chuma. Wengine, wale wasiokosa la kusema hata wakiwa na tonge mdomoni, walisema huenda mwanamke alikuwa na lake jambo.

Hakuwa na jambo lolote. Alikuwa amekufa ganzi. Unajua mguu ulioukalia vibaya kanisani: unauona, unaugusa, unajua ni wako, lakini haupo. Nyamizi alikuwa hivyo mwili mzima. Alipika, alifagia, alimwogesha mtoto, aliitikia salamu. Ukimwambia pole alisema asante, na ungemwambia nyumba inaungua huenda angesema asante pia.

Hayo yalikuwa Geita, mwaka ule Waingereza walipomtawaza malkia wao na watoto wa shule wakagawiwa biskuti. Kalisti alikuwa akifanya kazi chini ya ardhi, kwenye mgodi wa dhahabu, na walikaa laini, zile safu ndefu za nyumba za wafanyakazi zenye mabati na mlango mmoja mmoja. Nyumba ya laini ni ya mfanyakazi. Mfanyakazi akifa, familia inaachiwa ikae mpaka matanga yaishe, kisha anaingia mwingine na kitanda chake. Nyamizi alilijua hilo. Alijua pia lililokuwa likimngoja siku ya kumaliza matanga, na hilo ndilo lililokuwa zito.

Ukoo wa Kalisti, watu wa Segese, walikuwa na desturi yao. Nguo za marehemu zinatandazwa mkekani mbele ya wote na kugawanywa. Suruali kwa huyu, viatu kwa yule, kufa kufaana. Lakini ile nguo ya juu, ile ambayo watu wakiiona kwa mbali wanasema yule fulani anakuja, hiyo haigawiwi hivi hivi. Anavikwa mtu mmoja, na aliyevikwa amerithi nyumba: mke, watoto, jembe na kuku. Hakuna sherehe nyingine. Ukishaingiza mikono umeoa.

Na kila mtu, kuanzia laini mpaka Segese, alijua nguo ya juu ya Kalisti ni ipi. Ni sweta. Na aliyetarajiwa kulivaa alikuwa Bujiku, mdogo wake, mfugaji mpole mwenye wake wawili tayari na ng'ombe wengi kuliko maneno. Salamu zilikuja kwa dereva wa lori la pamba: baba mdogo Mihayo na Bujiku watafika baada ya mavuno, sweta lifuliwe, likunjwe, liwekwe tayari. Kwa hiyo Nyamizi angepanda lori na Limi, aende Segese akawe mke wa tatu, apalilie pamba ya mwenzie na kukamua ng'ombe wa mwenzie. Ungemwuliza kama anataka, angesema hataki. Lakini hakuna aliyemwuliza, na hata huko kutotaka kwake alikuwa anakusikia kwa mbali, kama redio ya jirani.

Sweta lile alilifuma mwenyewe. Kufuma alifundishwa na masista alipokuwa msichana wa misheni, akaolewa nako kama wengine wanavyoolewa na vyungu. Alipofika laini alikuta mke wa injinia mmoja wa Kizungu amewakusanya wanawake kila Alhamisi, anawafundisha kufuma vya watoto. Yule mama aliporudi kwao aliacha vikapu viwili, sindano chache na picha ya mtoto mnene, na wanawake wakamgeukia Nyamizi. Toka hapo yeye ndiye akawa mwalimu. Sindano zilipopungua walichonga spoku za baiskeli, wakazisugua kwenye jiwe mpaka zikalainika, na kazi ikaendelea.

Sweta la Kalisti lilikuwa sweta lake la kwanza la mtu mzima. Rangi yake ilikuwa ya ugoro, shingo yake nzuri, mgongo wake umenyooka, ila mkono wa kushoto ulizidi wa kulia kwa vidole vinne, kwa sababu siku alipoufuma mkono ule alikuwa anapiga soga na Paskalina, na soga na hesabu havikai chungu kimoja. Alipoona kosa alitaka kuufumua. Kalisti akakataa. Alisema mtu anayeshika nyundo mwaka mzima mkono wake mmoja lazima umrefuke tu, akaukunja mara mbili, akaingia nalo kazini. Akitoka shimoni alfajiri na jasho lake, kwenye upepo wa kilimani, alilivaa. Akienda Segese kwa Krismasi alilivaa, na baba mdogo Mihayo alilishika kwa mikono miwili kama anayepima ndama.

Alhamisi ya kwanza baada ya mazishi Nyamizi aliamka, akajifunga khanga, akaenda kufundisha. Hapo ndipo midomo ilipopata kazi ya kweli. Mjane anatoka? Tena anakwenda kwenye baraza la wanawake? Baraza lenyewe lilikuwa ukumbi wa pombe. Jumamosi wanaume walinywa humo, Alhamisi wanawake walifuma humo, na harufu ya Jumamosi haikuwahi kuondoka hata madirisha yafunguliwe vipi. Nyamizi aliingia, akasema hodi, akakaa kwenye benchi lake. Hakuja kwa ujasiri wala kwa kiburi. Alikuja kwa sababu ilikuwa Alhamisi.

Paskalina ndiye aliyepiga kelele za kumkaribisha, kusudi wengine wasipate nafasi ya kunong'ona. Huyu alikuwa Mhaya aliyeolewa na fundi wa huko huko Segese, mnene, mwepesi wa ulimi, na mila za wakwe zake alizijua kuliko wakwe wenyewe, maana zilimpa taabu miaka mingi. Kando yake alikaa Mwanaima, mke wa mwenye duka, mtu wa Ujiji, anayefuma kimya huku midomo yake ikihesabu. Na mwisho wa benchi alikaa Bhoke.

Bhoke alikuwa Mkurya, msichana bado, tumbo la mimba yake ya kwanza limemfika magotini. Alipenda kufuma kuliko wote, na kufuma hakukumpenda hata kidogo. Alidondosha vitanzi, aliongeza vitanzi, alianza kitambaa cha mraba akamaliza na kitu chenye pembe tatu. Siku hiyo alikuwa ameshika kofia ya mtoto aliyoifuma kwa kamba ya katani, kwa sababu uzi wa sufu uliisha na lori la Mwanza halikuja. Paskalina aliitazama ile kofia akasema mtoto atakayevikwa hiyo atatumika kusugulia sufuria. Wote walicheka, Bhoke mwenyewe akacheka mpaka akashika kiuno.

Nyamizi hakucheka. Aliichukua ile kofia ya katani, akaigeuza, akapitisha kidole ndani yake. Ilikwaruza. Akamwambia Bhoke kwamba vitanzi vya pembeni amevikaza mno, akamwonyesha namna ya kulegeza, kisha akaenda nyumbani.

Alifungua sanduku la bati, akatoa sweta, akakaa mlangoni kwenye kivuli. Sweta halifumuliwi kutoka pale lilipoanzia. Ukiliparamia kutoka chini litakung'ang'ania mpaka ukate uzi. Unatafuta pale ulipomalizia, unafungua fundo dogo la mwisho, halafu unavuta, na linakuja lenyewe, mstari kwa mstari, upole kabisa. Nyamizi alilipata fundo shingoni. Akavuta. Alimwita Limi aje anyooshe mikono, akamzungushia uzi viganjani, na mtoto alifurahi kwa sababu uzi ulimtekenya. Uliondoka ukosi, ukaondoka mgongo. Mikono ilikuja mwisho. Alipofika kwenye mkono wa kushoto, pale ulipokuwa unakunjwa, alikuta alama ya mkunjo imeingia ndani ya uzi, na katikati yake vumbi la mgodi na chembe za ugoro. Alikung'uta, akaendelea kuvuta.

Alipoufua ule uzi, maji yalitoka mekundu kidogo halafu ya kijivu. Alisimama na beseni mkononi, akangoja. Alifikiri sasa litakuja, lile chozi ambalo watu wote walikuwa wanalingoja kwake. Halikuja. Akamwaga maji kwenye shina la mpapai, akauanika uzi.

Kwa nini alifanya vile? Nimewahi kusikia watu wakisema alifanya kwa akili, kwamba alipanga. Wanamsifu bure. Siku ile Nyamizi hakuwa na akili ya kupanga hata chakula cha jioni. Alimwona mtoto ambaye hajazaliwa akivikwa katani, na nyumbani kulikuwa na sufu. Mikono ikafanya. Habari ya Bujiku na desturi ya Segese aliijua, lakini aliijua upande mwingine wa kichwa, na kati ya pande hizo mbili hakukuwa na njia.

Alhamisi iliyofuata alikuja na madonge ya rangi ya ugoro kwenye kikapu, akayaweka mezani. Paskalina aliona. Aliuona uzi, akamwona Nyamizi, akauona tena uzi. Halafu akainuka, akachagua donge kubwa kuliko yote, akamtupia Bhoke mapajani, akawagawia wengine yaliyobaki upesi upesi kama anayegawa chakula mvua ikija. Akamwinamia Bhoke, akamnong'oneza maneno mawili matatu. Kisha akawageukia wote, akasema wanasubiri nini, wafume.

Wakafuma. Mwanaima alitia pindo kwenye mtandio wake. Paskalina alifuma soksi. Wengine walifuma kofia za watoto wao. Bhoke alifuma kofia na kikoti, na kwa kuwa mimba ilimwelemea, akaenda kumalizia kikoti nyumbani, ambako hakuna jicho la mwalimu. Jumapili moja akajifungua mtoto wa kiume.

Jumapili hiyo hiyo dereva wa lori alileta salamu kwamba wageni wa Segese watafika wiki ile ile. Nyamizi alitoa nguo za Kalisti kwenye sanduku azifue. Akatoa suruali, akatoa mashati, akatoa koti la mvua. Akaingiza mkono tena, akagusa bati. Aliuacha mkono wake pale chini ya sanduku kwa muda. Ndipo jambo lilipomfikia, polepole, kwamba nguo ambayo ukoo mzima unaijia haipo, na kwamba aliyeiondoa ni yeye. Aliogopa. Ilikuwa hofu ndogo, ya mbali, lakini ilikuwa yake, na hakuwa amesikia kitu kwa siku nyingi. Akafunga sanduku, akafua vilivyokuwepo. Hakumwambia mtu.

Jumamosi asubuhi mkeka ukatandikwa mbele ya nyumba. Baba mdogo Mihayo alikaa kwenye kiti, mzee mrefu mkavu, fimbo kati ya magoti, mtu ambaye mnadani huweza kukaa kutwa nzima akingoja bei ishuke, na inashuka. Nyamizi alipiga magoti, akamwamkia. "Marahaba, mayu," mzee akaitikia kwa upole, akimwita mama kwa Kisukuma chao. Hakuwa mtu mbaya. Hata Bujiku hakuwa mbaya. Alikuwa ameoga, amepakwa mafuta, amevua shati kama desturi inavyotaka, ameketi kwenye kigoda kifua wazi akitazama kucha zake. Majirani walikuwa wamejaa, wanawake wa Alhamisi wakiwa mstari wa nyuma.

Nguo ziligawanywa. Suruali, mashati, koti, viatu. Kila aliyepewa alishukuru na kurudi nyuma. Mkeka ukabaki mtupu. Mihayo akamtazama Bujiku na mgongo wake wazi, kisha akamtazama Nyamizi.

"Sweta la mwanangu, mayu."

"Nimelifumua, baba," akasema Nyamizi.

Sauti yake haikutetemeka, na hilo lilizidi kuwaudhi watu. Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mtama. Mzee mmoja wa Segese akasema hii ni dharau, mwanamke amemchana mumewe vipande. Mihayo akainua kidole, wakanyamaza. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza uzi uko wapi. Nyamizi akasema aliwagawia wanawake wa kufuma.

Paskalina alikuwa ameshajisogeza mbele. Alisema, kwa ile sauti yake ya kumaliza mambo, "Basi mzee wangu, imekwisha. Maji yakimwagika hayazoleki."

"Haya si maji, mama," Mihayo akasema. "Huu ni uzi. Uzi unazoleka. Na aliyefuma si huyu hapa? Uleteni, afume tena. Sisi tutangoja."

Akaegemea fimbo yake, akatulia kama mtu aliyefika kwake. Bujiku akauliza kama anaweza kuvaa shati kwanza, maana upepo ulikuwa unamchoma, akaambiwa akae hivyo hivyo.

Nyamizi aliitazama mikono yake. Alijua itakubali. Ingeletewa uzi, ingetia vitanzi, mstari wa mbele, mstari wa nyuma, na katika wiki mbili ingemfumia Bujiku sweta zuri, mikono yote miwili sawa, huku yeye mwenyewe akiwa hayupo. Angejipeleka Segese kwa mikono yake. Aliionea mikono ile chuki, na hiyo ilikuwa mara ya pili kusikia kitu.

Wanawake wakaenda, wakarudi. Kwa haki ya Mungu, hawakuficha. Mwanaima aliketi chini akafumua pindo la mtandio wake pale pale, taratibu, midomo ikihesabu kwa kurudi nyuma. Wengine waliwavua watoto wao kofia, watoto wakalia. Paskalina alikuwa amezivaa zile soksi ndani ya viatu, jua limeshawaka. Akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akazitupa soksi mkekani zikiwa bado na joto la miguu yake, na Mihayo akazisogeza pembeni kwa ncha ya fimbo. Fungu la rangi ya ugoro likaanza kukua. Nyamizi alilitazama likikua.

"Wameisha?" akauliza mzee.

"Bado mmoja," akasema Paskalina.

Bhoke alikuja mwisho, akitembea kwa uzito kama mzazi wa siku chache anavyotembea, mtoto amemfunga ndani ya khanga kifuani. Akapiga magoti mbele ya Mihayo, akaifunua khanga kidogo tu. Kofia ya rangi ya ugoro. Chini yake uso mdogo uliokunjamana, na ukosi wa kikoti. Mzee akanyoosha mkono, halafu mkono ukasimama hewani.

"Huyu amezaliwa lini?"

"Jumapili, baba."

"Na hii?" Kidole chake kilionyesha kofia bila kuigusa. "Alivikwa nini kabla ya hii?"

"Hakuvikwa kitu, baba. Hiyo ndiyo ya kwanza."

Mihayo akaurudisha mkono wake kama aliyegusa chungu cha moto. Watu wa Segese wote wakashusha macho. Maana kwao nguo ya kwanza ya mtoto haidaiwi. Atakayeivua kwa mkono wa kuidai, hata kama ni yake, hata kama aliibiwa, amemvua mtoto uhai wake, na mtoto akifa damu iko juu yake. Mihayo alikuwa amezika watoto wanne. Hakuna mtu pale aliyehitaji kumkumbusha.

Mwishowe akamgeukia Nyamizi, akamwuliza, yeye kama fundi, uzi uliobaki mkekani unatosha nini. Hapo Nyamizi angeweza kusema lolote, hakuna mwingine aliyejua. Alilipima fungu kwa macho.

"Linatosha mwili, baba," akasema. "Mikono haitatoka."

"Sweta lisilo na mikono."

"Ndiyo, baba."

"Kalisti hakuvaa sweta lisilo na mikono."

Akasema hivyo, akacheka kidogo, cheko la mzee aliyekaa mnadani kutwa na safari hii bei haikushuka. Kisha akasimama, na watu wote wakasimama. Alisema desturi ni desturi, yeye hakuitunga na hataiharibu. Desturi inasema nguo ya juu ya marehemu, aliyeivaa amerithi. Haikusema aliyeivaa awe na ndevu. Haikusema hata awe Msukuma. Na kilichokwisha kuvaliwa hakivaliwi mara mbili. Akaielekeza fimbo yake kwa yule kiumbe aliyelala kifuani mwa Bhoke, akauliza jina lake, akaambiwa Gregory.

"Basi Gregory amevaa," akasema. "Nyumba ya Kalisti imepata mwenyewe."

Wa kwanza kucheka alikuwa Bujiku. Alicheka kwa sauti, kichwa nyuma, mafuta yakimeremeta kifuani, na wote wakaona kumbe mtu alikuwa amebanwa siku zote hizo na hakujua pa kusemea. Akavaa shati lake haraka kabla mtu hajabadili mawazo. Mihayo hakucheka tena. Aliwaita wanawake wa Alhamisi mbele, mmoja mmoja, akawaambia kwamba mrithi bado ananyonya, kwa hiyo mzigo wake ni wao mpaka akue: mjane ni wao, na Limi ni wao, ila mavuno kwa mavuno binti huyo aletwe Segese awaone wa kwao. Mwanaima, ambaye siku nzima hakuwa amefungua mdomo ila kwa kuhesabu, akasema nyuma ya duka lao kuna chumba. Mihayo akaitikia kwa kichwa. Paskalina akaokota soksi zake.

Miaka mingi baadaye Paskalina alikiri, tena kwa kujisifu, kwamba Alhamisi ile ya madonge yeye ndiye aliyemnong'oneza Bhoke: mtoto asiguswe na kitambaa kingine kabla ya hiki. Wengine wakasema kumbe alicheza na mila za watu. Yeye akajibu kwamba hakucheza, alizifuata, na kama wao walizisahau si kosa lake.

Nyamizi alihamia nyuma ya duka Jumatatu. Alipanga sanduku, kitanda na vyungu, akamshukuru Mwanaima, akamshukuru na mumewe. Watu walingoja walau afurahi. Alisema asante kama alivyosema siku zote. Ganzi ilikuwa palepale.

Alhamisi wakakutana ukumbini. Lori la Mwanza lilikuwa limefika hatimaye, kuna uzi mweupe na wa buluu, na Nyamizi alikuwa anapita nyuma ya mabenchi akiangalia mikono ya watu. Bhoke alikuwa amekuja na mtoto, amemlaza kwenye kikapu cha uzi. Mtoto akaanza kulia. Paskalina, bila kuinua macho kwenye kazi yake, akasema, "Mama Limi, mumeo analia."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nyamizi akaenda kwenye kikapu, akamtoa mtoto ndani ya khanga, akamweka begani. Alikuwa na harufu ya maziwa, na chini yake, mbali kabisa, harufu ya sufu iliyolowa. Kimkono kikatoka, kikampiga shavuni. Akakishika akirudishe ndani, ndipo alipoona. Kikoti kilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwenzie. Wa kushoto. Bhoke alikosea hesabu akiwa nyumbani, hakutaka kufumua, akaukunja mara mbili juu ya kile kiganja kidogo.

Nyamizi aliukunjua ule mkunjo. Akaukunja tena, mara ya kwanza, mara ya pili, kama alivyokuwa akimkunjia Kalisti mlangoni kabla hajaenda zamu. Bhoke aliona anavyoangalia, akaanza kuomba radhi, akisema mwalimu, nilikosea, nitaurekebisha.

"Usiuguse," Nyamizi akasema.

Akaketi pale pale sakafuni, mtoto kifuani, akalia. Alilia kwa sauti mbaya, ya chini, kama mtu anayetapika, mpaka Limi akaja kumshika bega. Uchungu ulikuwa mkubwa kuliko alivyodhani, na ulikuwa wake wote. Bhoke alitaka kumpokea mtoto, Paskalina akamzuia kwa mkono. Kisha akawaambia wengine waache kukodoa macho, waendelee kufuma.